Spika za Mbao na Nesi Aliyesafiri

Kazi yake ilikuwa ukalimani wa mahakamani. Kila kesi alisimama kando ya kizimba, akaapa kutafsiri bila kuongeza wala kupunguza, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna hakimu aliyemkuta na neno la ziada. Nyumbani mambo yalikuwa mengine.

Mkewe aliendesha mashine ya kusaga unga. Mashine ilinguruma tangu kufungua mpaka kufunga, na kidogo kidogo ikamla masikio. Hakuwa kiziwi. Vishindo alivisikia, honi alizisikia, hata mtu akifungua kabati kudokoa sukari alimsikia. Kilichompotea ni maneno. Watu wa kwenye televisheni aliwasikia kama wanaongea wamejifunika blanketi. Basi kila jioni tamthilia yao, ile ya nesi na familia yake, ikianza, alimsogelea mumewe na kuuliza, "Amesema nini?" Naye mume akamweleza.

Ndipo daktari wa masikio alipowaambia kwamba shida nyingine ni televisheni yenyewe: spika zake ziko mgongoni, zinausemesha ukuta. Watafute spika za kumtazama mama usoni, zenye sauti safi, na wasihangaike na besi. Mke akatoa pesa walizotenga kwa ajili ya godoro jipya. Mgongo utavumilia, alisema, umezoea. Lakini pesa zenyewe zilikuwa za godoro jembamba kuliko yote dukani, kwa hiyo spika nazo zingekuwa za kiasi hicho hicho.

Mume alipaswa kufurahi. Badala yake alikosa hamu ya chakula siku mbili. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo hakuwahi kumwambia mtu.

Jumamosi wakaenda kwenye duka kubwa la vyombo vya umeme. Muuzaji, kijana mwenye tai fupi, aliwapeleka moja kwa moja kwenye seti ya spika tano na boksi la besi lenye taa za rangi, kubwa kama jokofu la soda. Hii, alisema, ndiyo hom thieta ya maskini mwenye akili. Akawasha. Hereni za mke zikacheza zenyewe, na katoni za pasi zilizopangwa rafuni zikaanza kusogea.

Mke alikaa kwenye kiti cha plastiki amefumba macho. Ilipozimwa akasema anasikia kishindo tu, maneno hayapati.

"Maneno mimi nipo," mume akasema haraka. "Hii ndiyo yenyewe."

Muuzaji alishangaa kupata msaidizi asiyemlipa. Akaonyesha na nyingine, ile ndefu na nyembamba ya kuweka chini ya televisheni, ambayo sauti za watu zinatoka vizuri zaidi. Mkalimani akaikagua kama kielelezo cha kesi. Akasema ni nyembamba mno, itaibwa na panya. Mke akamtazama. Mume huyu alikuwa mtu wa kukaa dakika ishirini akichagua kitana, na leo alitaka kununua boksi la taa kwa dakika tano. Akasema waende kwanza kwa fundi redio.

Kibanda cha fundi kilikuwa nyuma ya soko, kimejaa nyaya na harufu ya risasi ya kuunganishia. Fundi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa na jozi moja ya spika za mbao zilizotumika, kitambaa cha moja kimechanika pembeni, pamoja na amplifaya ndogo. Mume akasema zimechakaa. Fundi akajibu kwamba hata yeye amechakaa lakini bado anaongea. Akaziweka sawasawa mbele ya mama, akawasha televisheni yake. Marudio ya tamthilia ile ile yalikuwa hewani.

Mwanamume mmoja kwenye tamthilia alikuwa mezani na mwanawe, anaongea polepole. Mke akainamisha kichwa. Halafu akamshika mumewe mkono.

"Nani amefariki?"

"Anasema nesi ameandika barua," mume akajibu kwa mazoea.

"Amesema amefariki. Nimeisikia F. Miaka sijaisikia F, baba watoto, na leo nimeisikia."

Fundi, ambaye hakujua anachokanyaga, akataka kusaidia. "Yule nesi mbona alikufa zamani, mama. Ajali ya gari. Mwaka wa pili huu."

Mkalimani akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama washtakiwa wanavyofanya.

"Wiki ile tulikuwa tumetoka kumzika mdogo wako," akasema. "Ukaniuliza nesi amefanyaje. Nikaona mazishi mawili kwa wiki moja ni mengi. Nikamsafirisha."

"Ukamsafirisha."

"Ng'ambo. Kusoma."

Uongo ni mgeni asiyekuja peke yake. Nesi akishasafiri, lazima aandike barua. Akiandika barua, lazima aeleze baridi ya huko na mitihani. Na waliobaki nyumbani wakimlilia, lazima kila chozi lipewe sababu nyingine. Kwa miaka miwili mkalimani alikuwa akitunga tamthilia yake juu ya ile ya watu, kila jioni.

Mke hakupiga kelele. Alianza kuulizia watu wa kwenye tamthilia, mmoja baada ya mwingine. Mwenye duka la dawa je, ni kaka yake nesi? Mume akasema hapana. Ni nani? Mume akamtazama fundi, maana kwa kweli hata yeye alishapotea. Fundi akasema ni mume wa kwanza wa nesi, na ni tapeli.

Hapo mke akashika kichwa. Jirani yao alikuwa amesema hivyo hivyo, kwamba mwenye duka la dawa ni tapeli, nao wakagombana mpaka wakaacha kuazimana chumvi. "Nilimwambia hasikii vizuri," akasema, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Kisha machozi yakafuata, na hayo hayakuwa ya nesi peke yake. Mume akasogeza kiti, akakaa karibu naye mpaka yakaisha.

Walizinunua. Fundi alishusha bei bila kuombwa. Alisema tangu afungue kibanda hajawahi kusikiliza kesi nzuri hivyo. Mkalimani alibeba spika begani mpaka kwa jirani, akazitua mlangoni, akakiri kila kitu. Jirani akamwomba arudie mara mbili, na si kwamba hakusikia.

Jioni ile jirani alikuja na kiti chake. Mkalimani alipofungua mdomo kueleza, mkewe alimwekea kiganja juu ya goti, naye akanyamaza. Tamthilia ikaisha, jirani akaaga, yakaingia matangazo ya biashara. Mume akanyoosha mkono azime.

"Acha," mke akasema.

Lilikuwa tangazo la sabuni ya kufulia. Alilisikiliza lote, neno kwa neno, na lilipokwisha akasubiri linalofuata.