Mugeta Anunua Boti Kimnada

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Mugeta Wanzagi, na wala hakatai. Mkute kijijini kwake Kabasa anakunywa chai, atakwambia mwenyewe kabla majirani hawajamsaidia kusimulia: "Siku ile bwege nilikuwaga mimi." Kisha anaongeza sukari.

Ubaya ni kwamba Mugeta alikuwa bingwa. Kwenye mnada wa Bunda hakuna aliyeweza kumbambikia fahali mgonjwa. Alimfungua mnyama kinywa, akamwinua mkia, akampiga kofi la tumbo na kusikiliza, halafu akamtukana mpaka mwenye mali akaona aibu kutaja bei. Kwa hiyo Bi Sabiha, muuza vitenge wa Musoma, alipotangaza kwamba anauza boti ya matanga iliyotumika, ile ya kusafiria yenye vitanda na jiko ndani, tena anakubali kubadilishana na ng'ombe wa kulimia kwa sababu ana shamba Butiama, Mugeta aliona dunia imemkumbuka. Angebeba watalii ziwani. Angevaa kofia nyeupe.

"Na pamba utalimia nini?" aliuliza mkewe, Bhoke. Mvua zilikuwa mlangoni, na ng'ombe wa jembe walikuwa hao hao wawili.

"Watalii wakilipa, tutakodi trekta."

Bhoke alipanda lori la Fuso pamoja na ng'ombe wake, akawasindikiza hadi Musoma, akashuka nao ufukweni na kukaa karibu yao kama mtu aliyepeleka watoto hospitali.

Boti ilikuwa imefungwa kwenye gati. Mugeta aliizunguka kadiri gati lilivyomruhusu, akaizaba kofi la ubavu.

"Mbona mbavu zimechubuka?"

"Rangi tu hiyo, baba," alisema Bi Sabiha.

"Na huku chini kwenye maji naona uvimbe."

"Huo ni mkuku. Una madini mazito ya risasi ndani, ndio unaoizuia isipinduke."

"Nundu inakaaga mgongoni, mama. Hii imeshuka tumboni. Boti imezeeka."

Wakaingia ndani. Jiko la gesi lilikuwa linabembea kwenye vyuma vyake. Mugeta akatikisa kichwa kwa huzuni: jiko limelegea. Bi Sabiha akamweleza kwamba linabembea kwa makusudi, mawimbi yakija sufuria isimwage mchuzi. Injini ikakohoa mara kadhaa ndipo ikawaka, Mugeta akaitazama kwa jicho la kuuliza imeanza kukohoa lini. Alipofika chooni akapampu mpini kwa nguvu zake zote, maji yakaruka yakamlowesha hadi magotini.

"Angalau anakojoa vizuri," alisema. Kati ya vyombo vyote, hicho tu ndicho alichokisifu.

Likabaki jambo la mwendo. Bi Sabiha alikataa kwenda. Boti aliinunua kwa mzungu aliyehama, akitaka naye kutembeza wageni, lakini kila alipopanda alitapika hata kabla kamba haijafunguliwa. Kwa hiyo nahodha akawa Hasani, fundi wa boti wa hapo ufukweni. Akapandisha tanga, akavuta kamba hii, akalegeza ile, na wakatoka kuelekea upande wa Bukima.

Upepo ulipoingia kwenye tanga, boti ikalala ubavu. Mugeta akakumbatia mlingoti.

"Anaanguka! Hasani, leta kisu, tumchinje kabla hajafa!"

"Anakimbia huyu, mzee! Ndivyo anavyokimbia!"

Na kweli ilikuwa inakimbia. Maji yalichanika puani mwake, mitumbwi ya wavuvi ikabaki nyuma, na waliporudi gatini Mugeta alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Hakutoa tusi hata moja. Wakapeana mikono, ng'ombe wawili kwa boti moja, na Hasani akaenda kunywa chai.

Sasa, kwa akina Mugeta, anayeuza ng'ombe hutoa mnyama tu, kamba anarudi nayo nyumbani. Akiiacha, ametoa baraka ya zizi zima. Kwa hiyo Mugeta aliwavua ng'ombe kamba zao, akazitundika begani. Halafu akawaza: na huyu mama wa watu, mgeni wa mambo haya, nani atamlindia baraka yake? Akaingia kwenye boti na kuanza kuifungua. Kamba za kupandishia matanga, kamba za kuyavutia, kamba ya nanga, zote akazikunja vizuri na kumrushia Bi Sabiha. Mama wa watu akazipokea akidhani mnunuzi ana kamba mpya nyumbani.

"Zako hizi, mama, usiseme nimekuibia," alisema Mugeta kwa heshima kubwa, akafungua na ya mwisho, iliyoshika gati.

Boti ikaondoka taratibu, kinyumenyume, pamoja naye. Alipungia mkono mara ya kwanza kuaga. Mara ya pili hakuwa anaaga tena. Wavuvi wa dagaa ndio waliomvuta kumrudisha, wakiuliza kama hiyo boti anaiswaga au anaiendesha.

"Umeniuzia boti kaidi!" alifoka alipokanyaga nchi kavu. "Haiendi, haisimami, haisikii!"

"Umeivua nguo zote, mzee," alisema Hasani, kikombe bado mkononi.

"Kamba zako hizi hapa," alisema Bi Sabiha. "Zichukue uende na boti yako."

"Siwezi kuchukua kamba ya muuzaji. Ni mwiko."

"Basi chukua ng'ombe wako, tuachane salama."

"Nirudishe biashara, nichekwe mnada mzima? Siwezi!"

"Sasa baba, unataka nikupe nini?"

Hapo Bhoke aliinuka. Alichukua kamba ya tanga mikononi mwa Bi Sabiha, akamshukuru, akaifunga kwenye pembe za ng'ombe wa kwanza, kisha za wa pili, akageuza nyuso zao kuelekea Fuso.

"Mke wangu, unaniaibisha! Hiyo ni kamba ya muuzaji, haiingii zizini!"

"Mwiko ni kamba ya ng'ombe, baba Burito, hii ni ya boti. Na kama hutaki hawa warudi nyumbani, nira ipo, shingo unayo, na shamba bado halijalimwa."