Ukurasa Mmoja Otonglo

Mimi nakusanya riwaya, lakini si riwaya yoyote tu. Nataka toleo la kwanza, lile lililotoka mtamboni kabla ya mengine yote. Wateja wangu wa saluni pale Kondele hunicheka: "Nelima, si maneno ni yale yale?" Nawaambia wanyamaze niwasuke.

*Gati la Mwisho* nimeitafuta miaka mingi. Kwa hivyo Calvince, anayeuza vitabu vya mtumba soko la Otonglo, aliponipigia simu kwamba ameipata, nilimwacha mteja kichwa nusu nikakimbia.

Kweli ilikuwa yenyewe, jalada la buluu, halina hata mkunjo. Nikafungua nitafute ukurasa unaosema ilichapishwa mara ya kwanza lini. Haupo! Kimebaki kipande chembamba tu kando ya mshono.

"Nimekusafishia, Mama," Calvince akasema, meno yote nje. "Ile karatasi ilikuwa na muhuri wa jina la mtu. Sasa wewe unataka kitabu ama unataka polisi?"

Wengi wa wenzake hufanya hivyo, mnunuzi asidhani ni mali ya wizi. Lakini bila ukurasa ule nitamwonyesha nani nini? Ghadhabu ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Umenichinja, Calvince! Na hiyo karatasi iko wapi?"

Maskini, alinyoosha kidole tu. Karatasi zake zote humpa Dolphine, muuza njugu wa kibanda cha pili, afungie njugu.

Nikamwendea Dolphine mbio. Mungu ni mwema, ukurasa wangu niliuona pale pale, umetundikwa kwa msumari kwenye nguzo, mzima kabisa. Nikaushika pembe. Tarehe hii hapa, toleo la kwanza, na muhuri wake.

"Hiyo siuzi, dada," Dolphine akasema.

"Ni ya kitabu changu!"

"Geuza usome kwanza."

Nikageuza. Upande wa pili, katikati ya weupe wote ule, palikuwa pamechapwa mstari mmoja, tabaruku ya mwandishi: *Kwa mama, aliyekaa juani ili mimi nikae darasani.*

Dolphine alikuwa amejifunga leso kichwani, jasho linamtiririka. "Wangu yuko kidato cha tatu," akasema. "Nataka aione akitoka shule." Halafu akaniuliza polepole, "Hiyo wameiweka mbele kabisa ya kitabu? Kabla ya hadithi?"

"Mbele kabisa."

Akacheka peke yake, akafunika mdomo. Na mimi, niliyekuja na moto wote ule, roho yangu ikatulia yenyewe. Nikaachilia pembe ya karatasi.

Sasa kitabu kiko rafuni kwangu, pungufu, na nakipenda kuliko vingine vyote. Wakusanyaji wenzangu wakiniuliza ushahidi uko wapi kwamba ni toleo la kwanza, nawaambia waende Otonglo, wanunue njugu, kisha waombe kwa adabu kugeuza karatasi.