Hongera ya Ukurasa wa Nne

Kampuni yetu inatengeneza programu ya kukagua programu nyingine. Fundi akimaliza kazi yake anaipitisha kwetu kwanza, nasi tunamwonyesha kasoro zilipo kwa maandishi mekundu. Kwa miaka sita tulisifika kwa hilo. Mafundi walitununia siku nzima, kesho yake wakarudi.

Halafu tukaletewa meneja mpya, aliyetoka kuuza manukato. Mtu mcheshi, shati limenyooka kwa pasi, na hakuna aliyeweza kumkasirikia zaidi ya nusu saa. Siku ya tatu aliona yale mekundu akashika kifua.

"Jamani, mteja wa watu kaamka vizuri, nyie mnamwambia amekosea?"

Akaamuru yaondolewe. Badala yake ikaja kijani: Hongera! Kazi nzuri. Kasoro zikahamishiwa ukurasa wa nne, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Fundi mkuu alipinga, akaambiwa ana gubu. Mimi, ninayepokea simu za wateja, nilijua mambo yataharibika, nikaufyata.

Sasa kuna wifi yangu, dada wa mume wangu. Ofisini kwao wanatengeneza mashine za kuita foleni, na ni mimi niliyemwapia kwamba programu yetu haidanganyi. Naye akamwapia bosi wake, wakawa wateja wetu. Nampenda kuliko ndugu zangu wawili, sitaji ni wepi.

Wiki ya pili akapiga simu.

"Wifi, mashine yetu leo imeita namba saba mara arobaini."

"Namba saba ni nani?"

"Mzee wa watu. Ikiita anasimama, anafunga vifungo vya koti, anaambiwa akae. Na nyie mlitupa hongera."

Nilicheka, kisha nikakumbuka nilivyomwapia. Haukupita muda, mafundi wa mji mzima wakawa wanataniana kwa jina letu. Mtu akiangusha kikombe, wenzake wanampongeza.

Ijumaa wifi akaja ofisini na bahasha. Meneja akamvutia kiti mwenyewe.

"Tupe maoni yako, dada."

"Hongera," alisema wifi, uso mkavu. "Kazi nzuri."

Meneja akanigeukia, meno yote nje. "Unaona?"

"Mengine yako ukurasa wa nne," wifi akaongeza, akampa barua.

Kurasa tatu zilikuwa tupu. Ya nne ilikuwa na mstari mmoja mdogo, hata meneja akaipeleka dirishani, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Walikuwa wanaachana nasi.

Nitamsifu kwa hili: alicheka. Alicheka mpaka machozi, ingawa yale ya mwisho hayakuwa ya kicheko. Kisha akamwita fundi mkuu.

"Rudisha mekundu. Yote. Leo."

Nilimsindikiza wifi, nikidhani yamekwisha. Kwenye ngazi akasimama.

"Wewe ulijua?"

Nilitafuta jibu zuri, nikaona aibu kulitafuta.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Niliogopea kazi yangu, nikakuacha uumbuke. Nisamehe, wifi."

"Ungeniambia hivyo mapema, yule mzee angekaa kwenye kiti chake."

Alishuka ngazi kadhaa, akageuka.

"Jumapili njoo na watoto. Bosi nitamwomba awape nafasi nyingine. Ila kumwapia, simwapii tena."