Benchi la Wenye Haraka

Mimi ni fundi cherehani, na nimekuwa mwongo tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa. "Njoo Jumatano." Hilo ndilo neno langu. Jumatano mteja akija atakuta gauni lake bado ni vipande, mikono huku, mgongo kule, nami nitamwambia kwa macho makavu kwamba limebaki vifungo tu. Lakini msinihukumu mapema. Wateja nao ni waongo. Mwenye harusi tarehe ishirini huniambia ni tarehe kumi, maana anajua nitachelewa. Nami nikiambiwa kumi najua ni ishirini, basi kitambaa chake nakisukuma chini kabisa ya rundo. Tumeishi hivyo miaka mingi, tunapendana na hatuaminiani.

Binti yangu anasoma uchumi chuoni, mwaka wa tatu, na akija likizo nyumba nzima tunasoma naye, tupende tusipende. Akiona watu wamepanga foleni kwa muuza nyanya mmoja na kumruka wa pili, atasimama palepale aeleze kwa nini. Majirani wanamwita Profesa, wengine kwa kumsifu, wengine kwa kumchoka. Likizo hii alikaa dukani kwangu siku tatu akitazama tu, mkono shavuni, na siku ya nne akatoa hukumu. Alisema tatizo langu si uvivu, nikamshukuru kwa hilo. Tatizo ni kwamba kusema una haraka hakumgharimu mtu kitu, kwa hiyo kila mtu anasema, na mwenye shida ya kweli hana namna ya kujulikana. Dawa yake, alisema, ni kuifanya haraka iume kidogo.

Basi akalitoa benchi refu nililokuwa nimelilundikia majora ya vitambaa, akaliburuta mpaka ukutani, mkabala na cherehani yangu. Sheria ikawa moja: mwenye haraka akae. Ukikaa, nashona nguo yako. Ukiondoka, nguo inarudi chini ya rundo. Asiye na haraka aache kitambaa chake aende zake, atatumiwa ujumbe.

Nilimwambia watanikimbia wote. Nilikosea. Wiki ya kwanza, watu wasiopungua kumi waliokuwa wanasafiri kesho asubuhi walilitazama lile benchi, wakakumbuka kwamba safari imeahirishwa. Mwalimu mmoja alikaa saa mbili kwa ajili ya sketi ya kuvaa kwenye usaili, akaondoka nayo ikiwa bado ina joto la pasi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa namaliza nguo siku niliyosema, nikajisikia kama naumwa. Profesa naye alivimba kichwa mpaka nikahofia mlango hautampitisha.

Halafu akaja Mzee.

Mzee alikuwa opereta wa simu, enzi zile mtu akitaka kuongea na wa mbali lazima aunganishwe. Miaka thelathini alikaa akisikia watu wakiitana. Mkewe alifariki mwaka jana, watoto wako mbali, na nyumba yake ni ya tatu kutoka dukani. Alileta suruali ya kijivu iliyofumuka mshono wa nyuma, akasema ana haraka, akakaa. Alikaa vizuri, magoti pamoja, kofia juu ya paja, akamjulia hali kila aliyeingia. Suruali niliimaliza kwa dakika kumi. Yeye alikaa saa tatu.

Kesho yake alikuja na shati. Keshokutwa, koti. Wiki ya pili ile suruali ya kijivu ikarudi, mshono uleule, na hapo ndipo nilipovaa miwani. Mshono ukichanika wenyewe huvuta kitambaa, nyuzi zikabaki zimesimama kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Huu ulikuwa umekatwa kwa wembe, tundu kwa tundu, kwa mkono wenye subira. Na uzi wenyewe ulikuwa wangu, wa wiki iliyopita. Mzee alikuwa anakaa nyumbani kwake akifumua kazi yangu ili apate cha kuleta.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Angekuwa mwingine ningemrushia suruali yake usoni. Niliishona tena, nikamrudishia. Roho iliniuma kwa namna ambayo sijaizoea saa za kazi.

Profesa alikuwa ameshaona bila kuambiwa. Tulipokuwa tunafunga duka akaanza kueleza: benchi linachuja watu kwa kuwa kukaa kunauma, Mzee hakumuumi, kwa hiyo halimchuji, na anawachelewesha wenye haraka ya kweli. Tuweke sheria kwamba nguo za kurekebisha zisihesabiwe. Nikamwuliza kama kwenye vitabu vyao yumo mtu ambaye kinachomuuma ni kukaa nyumbani kwake. Akajifanya anatafuta kufuli. Nikamwambia akimgusa yule mzee, benchi nitalipasua kuni. Nilijua jambo moja: siku Mzee atakapogundua kwamba tunajua, aibu itamzuia kurudi, na mtaani kwetu hakuna mlango mwingine aliokuwa na sababu ya kuuingia.

Alhamisi akaingia muuguzi, kitambaa cheupe mkononi. Jumatatu alikuwa anaanza kusimamia wodi ya watoto, mara yake ya kwanza kuwa mkubwa wa wenzake, na sare ya cheo kipya hakuwa nayo. Profesa akamweleza habari za benchi. Muuguzi akasema yuko zamu mchana kutwa mpaka Jumapili, hata hapo ametoroka muda wake wa kula.

"Basi haraka yangu haihesabiki," alisema, bila ukali wowote, akaanza kukunja kitambaa.

Mzee akainuka kwenye benchi, suruali ya kijivu mkononi.

"Kiache hapo, mwanangu. Nitakukalia mimi. Hii suruali haina haraka." Akaitazama kidogo. "Haijawahi kuwa nayo."

Muuguzi akashukuru, nikampima, akakimbilia kazini. Lakini Mzee alikuwa ameshayasikia maneno yake mwenyewe. Akanitazama, na uso wangu haujui kuficha kitu. Akaikunja suruali mara nne, akaitia kwapani, akasema atarudi kesho, akatoka bila kumuaga mtu.

Ijumaa hakuja. Sare nilikuwa nimeikata, nikaiweka mezani na sikuigusa tena. Profesa akauliza kulikoni. Nikamjibu kwamba sheria ni yake: hakuna aliyekaa, hakuna kinachoshonwa. Akasema sheria ile ilikuwa ya kupanga foleni, si ya kumkomoa muuguzi. Tukabishana mpaka jirani yetu muuza viatu akapunguza redio yake asikie vizuri. Jumamosi asubuhi Mzee hakuja tena, na nitasema ukweli, duka lilinishinda. Nilikuwa nimezoea kushona huku mtu ananiuliza kama nimekula.

Saa nne Profesa akavaa viatu akatoka. Aliyoyafanya huko alinisimulia mwenyewe baadaye, tena bila kutia neno hata moja la uchumi. Alimkuta Mzee ameketi sebuleni peke yake, amevaa kofia ndani ya nyumba. Hakumpa pole, hakumbembeleza. Alisimama mlangoni akamlalamikia.

"Babu, ulimwahidi muuguzi kwamba utamkalia. Mama ameacha kushona tangu jana, na Jumatatu dada wa watu anaingia wodini. Umetuweka pabaya."

Mzee akasema alidhani anatusumbua.

"Unatusumbua usipokuja," akamwambia binti yangu, yuleyule aliyetaka kumwekea sheria.

Niliwaona wakitokea kwenye kona. Mzee alikuwa anatembea upesi kuliko umri wake, na Profesa nyuma yake anajizuia asimshike mkono. Nilimpenda mtoto wangu wakati ule kuliko siku aliyoingia chuo. Kisha nikaitazama mikono ya Mzee. Ilikuwa mitupu. Hakuleta suruali, hakuleta koti, hakuleta hata leso ya kupindwa. Aliingia, akasimama mbele ya benchi kama anayengoja kuulizwa ameleta nini.

Sikumwuliza. Nilimwambia amechelewa, kazi imesimama kwa ajili yake. Akaomba radhi, akakaa, akaweka kofia pajani. Nikavuta ile sare nyeupe chini ya sindano, na kwa kuwa machozi yalikuwa yamenilenga, mshono wa kwanza ulikwenda upande, ikabidi niurudie.

Sare ilikwisha saa nane mchana. Mzee alibaki mpaka tulipofunga duka, na hakuna aliyemwuliza anangoja nini.