Kuingia Mara Moja

...na kidole chake hakijabanduka hapo, kucha ya zambarau juu ya viza yangu, kuingia mara moja, ami, anasema, hapa wameandika kuingia mara moja, anaitamka kwa ule upole wa daktari aliyekwisha kuona picha ya mapafu, nami nacheka, kwa sababu nikikwama mimi hucheka, ndicho kilema changu, namwambia, binti yangu, hata kaburini watu huingia mara moja na sijasikia aliyelalamika, lakini karani hacheki, Nirmin, ndivyo kibandiko cha kifuani kinavyosema, ananihesabia kama mtoto wa chekechea, kesho kutwa Rodos, kwa Wagiriki, unaingia, halafu Marmaris, kwa Waturuki, maana yake kwa Wagiriki umetoka, halafu Pireo, kwa Wagiriki tena, unaingia mara ya pili, na wewe ami mara ya pili huna, ya mama, mkeo, ni sawa, ya mama ni mara nyingi, ngoja nimuulize mkubwa wangu melini, na sasa ameinua simu, pasipoti zetu mbili zimelala mbele yake kama samaki sokoni, na simu inaita, au haiiti, anatazama dari... mkubwa gani huyo, najua atakachosema, meli haimpakii mtu atakayekataliwa bandari ya mbele, maana meli ndiyo itakayobaki naye, miaka ishirini na saba nimekanda unga kwenye meli, najua, Pireo nimefika mara nyingi kuliko nilivyofika kwa mama mkwe, na huko nilipokewa vizuri zaidi, leo wananiuliza nitaingia mara ngapi, mimi... nimeleta karatasi kilo nzima, faili la plastiki linakaribia kupasuka, picha yenye ukuta mweupe na masikio yote mawili yakionekana, wakasema sikio la kushoto limejificha, nikarudi kwa mpiga picha nikavutwa sikio kama mwanafunzi mtoro, barua ya pensheni, karatasi ya bima, cheti cha ndoa kwa Kiarabu na kwa tafsiri yenye mhuri, hata cheti cha chanjo nimebeba ambacho hakuna aliyekiomba, karatasi zote hizo ziko upande wangu na neno moja dogo limenikaa kooni kama mwiba wa changu... “...mume wangu anaijua bahari kama mfuko wake,” sauti ya Inshirah hiyo, pale kwenye benchi nyuma yangu, anamwambia yule mama mnene kutoka Tanta aliyekaa naye, mke wangu na viatu vyake vipya vyeupe, masanduku mawili, na mfuko wa mikate, jibini na mayai ya kuchemsha, nimemwambia, Mama Samih, humo ndani wana mikahawa saba, akasema saba yote ya watu nisiowajua... usigeuke, Shawqi, ukigeuka ataiona sura yako, huyu mwanamke anasoma kisogo, seuze sura... nani mwenye kosa, tuseme yule kijana wa ofisi ya viza, hakunitazama hata usoni, angeniuliza, ami, meli yako inapita wapi, angeuliza tu, au wakala aliyetuuzia safari, mwenye gundi kwenye nywele, aliyesema karatasi ni jambo dogo, au Wagiriki wenyewe, au Waturuki waliokaa katikati ya njia ya watu... lakini fomu niliijaza mimi, kwa kalamu yangu, idadi ya kuingia, na mkono haukutetemeka, nikatia alama kwenye mara moja, kwa sababu kwetu sisi mabaharia safari ni moja, unasaini siku ya kupanda, unasaini siku ya kushuka, katikati hata ukishika bandari arobaini hiyo ni safari moja, kitabu chako cha baharia kinakaa kabatini kwa ofisa, wewe uko chini na hamira yako, meli inaingia, meli inatoka, hakuna anayekuuliza, nilidhani dunia nzima inahesabu hivyo, kumbe abiria huhesabiwa kwa kizingiti, kila mlango na hesabu yake, na mimi abiria sijawahi kuwa, leo ndiyo mara yangu ya kwanza, babu wa miaka sitini na moja... na Inshirah akahesabu, ndilo linalonichoma, hakuwahi kupanda hata kivuko lakini alimpigia mwanetu Samih kule Kuwait, wakashuka na orodha ya bandari kwa vidole, akatia alama kwenye mara nyingi, nami nikamcheka mbele ya watu, mara nyingi unakwenda kuuza samaki, ukumbi mzima ukacheka, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Baba Samih, una hakika? Na hapo katikati tunapokwenda kwa Waturuki?” nami nikamjibu, “Nimevuka bahari hii kabla hujajua chumvi inatoka wapi,” na Jumanne hii akauliza tena, akikunja shati langu, nikamfokea, mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe hakikuwa na kitu... “...tangu mwaka wa kwanza wa ndoa ananiahidi,” anamwambia mama wa Tanta, na wanacheka wote wawili, kicheko chake cha shangwe hicho, sijakisikia tangu harusi ya Samih... kila nilipotia nanga nyumbani nilisema mwaka ujao nitakupandisha, nikasema kama wengine wanavyosema habari za asubuhi, yeye alinisindikiza mpaka lango la bandari, jamaa hawaruhusiwi kupita lango, asubuhi hii amelipita, akashika mkono wangu, akasema kumbe ndani kuko hivi, ni ghala na paka, miaka yote hiyo nilidhani kuna kitu... simu, binti amesema aloo, aloo, akageuza uso, ananong'ona, sasa fikiri haraka, tunga uongo, wewe si mtunzi, mwambie Inshirah injini imeharibika, lakini meli imejaa dirishani, nyeupe, watu wanapanda ngazi na kofia zao, mwambie tumbo linaniuma, tumbo, naam, nitajishika hapa, nitainama, tutapanda teksi turudi nyumbani Anfushi, atanichemshia mnanaa, wala hatajua kamwe... au mwambie ukweli nusu, kwamba viza ina kasoro, kosa lao, naye atasema kile ninachojua atasema, basi bila wewe sipandi, atasema, atavua viatu vipya ndani ya teksi, atasema meli zenyewe zinatapisha, atanifariji, mimi, tutakula mayai haya barazani, na kwa majirani atasema tulibadili mawazo, atanisitiri mpaka siku ya kufa... na hapo ndipo ninapojifumania, kwa sababu nimeona kuwa hilo ndilo ninalolitaka, moyo umetulia nilipolifikiria, naombea mke wangu akatae safari yake ili mimi nisibaki gatini peke yangu na ujinga wangu... Samih alikuwa na homa mwaka ule, surua, mwili unawaka, meli inang'oa nanga adhuhuri, nikasimama mlangoni na begi nikijitia kusitasita, naye na mtoto begani akasema, “Nenda, mkataba hausubiri homa,” nami nikaenda, sikugeuka, kesho yake nilikuwa nawaokea Wataliano mikate ya maziwa, nikiimba, ndiyo, nikiimba, na kila mara ilikuwa hivyo, yeye alisema nenda na mimi sikusema hata mara moja kwamba bila wewe sipandi... siku nane za safari, Inshirah siku nane peke yake, ana viza, ana miguu bado, ana mama wa Tanta ambaye tayari anamlia yai lake, na nikimwambia kwa mzaha hatapanda, mzaha wangu anaujua, kila nikichekesha anajua naomba kitu, atanihurumia, itabidi nimwambie uso mkavu kama karani wa mahakama... “Binti yangu,” namwambia Nirmin, sauti imetoka ngeni, “mtolee mama kadi yake ya kupandia, yangu iache,” naye, simu ingali sikioni, mkubwa hajaamua au hajajibu, ananikusanyia vidole vitano kuelekea juu, subiri, ami, subiri kidogo, basi nasubiri, pasipoti bado zimelala pale pale, foleni nyuma yangu inaguna, na kule kwenye benchi kicheko kimekatika, nasikia viatu vipya vikisogea sakafuni, amenyanyuka, anakuja, nami natafuta maneno yasiyo na kichekesho ndani yake, ni machache mno kwa mtu wa umri wangu, nayapanga, nayapangua, Inshirah, nilikosea mimi, nenda... Inshirah, nilikosea, nenda...