Njia Isiyo na Watu

Magreti hakuitikia. Tomasi alikwisha kusema shikamoo mara mbili, amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, na mara zote mbili dada yake aliendelea kupepeta mtama kana kwamba aliyeingia ni kuku. Hapo Chanzuru kumnyima mdogo wako marahaba si jambo dogo, tena huyu mdogo ndiye mwenyekiti wa kijiji. Lakini Magreti alikuwa na donge kooni tangu mwaka uliopita, na siku hiyo hakuona sababu ya kulimeza.

"Dada, nina mgeni ofisini," Tomasi alisema. "Ndugu Stefano, ametoka Dar es Salaam. Kazi yake ni kuwapangia watu safari za likizo. Anamtaka mtu anayeijua vizuri njia ya Mhondwe, na mimi vivuko vya kule nimevisahau."

Ungo ukasimama mikononi mwa Magreti.

Mhondwe ndicho kilichokuwa kijiji chao, kule nyuma ya Kilosa, upande wa kwenda Mikumi. Mwaka wa sabini na nne, wakati wa Operesheni Vijiji, malori yalifika asubuhi, watu wakapakiwa na mbuzi wao na vitanda vyao, wakaja kumwagwa Chanzuru, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Mapaa ya nyumba yaliezuliwa ili mtu asipate pa kurudi. Magreti hakuililia nyumba. Alichokiacha Mhondwe ni kaburi la Costancia, binti yake wa pekee, aliyefariki kwa uzazi muda mfupi tu kabla ya malori.

Padri alimwombea marehemu, na sala zake zilipokewa kwa heshima. Lakini kwa ukoo wao msiba hauishii kanisani. Mwaka ukitimia, mjomba wa marehemu huenda kaburini pamoja na mama, akafagia, akamwaga pombe kidogo na unga, kisha akamnyoa mama nywele alizoziacha ziote tangu siku ya mazishi. Wembe ni wa mjomba. Baba hawezi kuushika, padri hawezi, na mama mwenyewe ndiye haruhusiwi kabisa. Hilo lisipofanyika, mama hubaki na msiba kichwani, harusini hakaribishwi, na majirani hunong'ona kwamba mwanawe bado anatangatanga.

Mjomba wa Costancia alikuwa Tomasi. Hakuwepo mwingine. Mwaka ulipotimia Magreti alimfuata ofisini, akajibiwa kwamba kurudi kwenye mahame hairuhusiwi, na mwenyekiti akionekana kule wakubwa wa wilaya watasemaje? Akamfuata tena baada ya mavuno. Akamfuata mvua zilipoanza. Kila mara Tomasi alitazama dirishani akaanza kuzungumzia maendeleo. Leo kaja mtu wa likizo na gari lake, na Mhondwe kunaendeka.

"Nitakwenda," Magreti alisema. "Na pombe yangu nitaichukua. Na wembe."

Tomasi akavaa kofia yake, akatangulia.

Ndugu Stefano alikuwa kijana mnene, mcheshi, aliyeendesha Landrova yake mwenyewe huku akizungumza bila kupumzika. Wageni wake, alieleza, ni wataalamu wa kigeni wanaofanya kazi Dar es Salaam, na wakati wa likizo hupenda kutembea na familia zao.

"Sasa wamechoka na ile barabara kuu," alisema. "Pale Mikumi simba akipiga miayo, magari kumi yamekwisha kumzunguka. Watoto wanarudi nyumbani hawajaona kitu ila matako ya magari ya wenzao. Wanataka njia ya nyuma, mama. Waende polepole, walale kwenye mahema, wasikutane na mtu."

"Wasikutane na mtu," Magreti alisema.

"Ndiyo. Pori lenyewe, ambalo binadamu hajaligusa."

Binadamu hajaligusa! Magreti alimtazama kisogoni Tomasi, aliyekaa kiti cha mbele, akingoja aseme neno, hata moja la kujikohoza. Tomasi alikuwa amegeuza uso kwa dereva, anatabasamu. Alikuwa anatikisa kichwa kukubaliana na mgeni, mwanamume mzima, aliyezaliwa huko huko, aliyetahiriwa huko huko.

Hata hivyo Magreti aliwaonyesha njia. Aliwaambia mto upitwe wapi, mawe yako wapi. Walipofika kwenye kishamba cha ndizi kilichoachwa, Stefano alipunguza mwendo.

"Na migomba hii nayo imejiotea tu?"

"Ni ya Yeremia," Magreti alisema. "Aliipanda mwaka wa Uhuru."

Stefano akacheka, akidhani ametaniwa.

Mhondwe nyumba zilikuwa zimelala chini ya majani marefu. Sehemu moja tu ilikuwa wazi, chini ya mikuyu, kwa sababu kivuli chake kizito hakiachi majani yaote. Stefano aliruka kutoka garini, akapiga makofi kwa furaha. Hapa ndipo, alisema. Akaanza kupima kwa hatua: hema la kulia chakula hapa, jiko kule, viti vya wazee vielekee milima. Akaona vyungu vimefunikwa chini, vimetobolewa matako, akaviokota viwili.

"Vya zamani hivi," alisema. "Wageni watavipenda sana."

Kimoja kilikuwa cha Costancia. Magreti ndiye aliyekitoboa siku ya mazishi, kama kinavyofanywa chungu cha marehemu ili asije mtu akakipikia. Alimfikia Stefano akamnyang'anya.

"Toka hapo. Unamkanyaga mwanangu."

Stefano alirudi nyuma akiangalia miguu yake. Utani wote ulimtoka. Akamgeukia Tomasi.

"Ndugu Mwenyekiti, hapa ni makaburini? Kama ni makaburini niambie tu, nitatafuta mahali pengine. Sina neno."

Jibu lilikuwa ni neno moja. Mtoto angelisema.

"Ni mambo ya zamani hayo," Tomasi alisema. "Hapa hapana watu tena. Wote wamehamia kijijini."

Magreti alikirudisha chungu mahali pake, akavunja tawi akafagia, akamwaga pombe, akanyunyiza unga. Kisha akapiga magoti, akafungua kilemba, akamnyooshea ndugu yake wembe.

"Mdogo wangu, ninyoe. Ni muda mfupi tu. Sitakuomba kitu kingine."

Tomasi alimtazama Stefano, akatazama gari.

"Si mbele ya mgeni, dada. Tutakuja siku nyingine."

"Siku ipi?"

Tomasi alijifuta jasho, akamuuliza Stefano wageni wa kwanza watafika mwezi gani.

Hapo ndipo Magreti alipoanza kujinyoa. Alilowanisha nywele kwa pombe iliyobaki, akapitisha wembe kutoka paji la uso kwenda nyuma, kwa hasira na bila kioo, na damu ikamtiririka nyuma ya sikio. Tomasi aligeuka akaona.

"Dada, acha! Unajua unachofanya?"

"Najua," alisema, akaendelea mpaka nywele zote zikawa juu ya kaburi.

Stefano aliwasha gari, wakarudi. Walipokaribia Chanzuru, Tomasi aligeuka akamwomba dada yake ajifunike, watu watasema. Magreti alikuwa amekikalia kilemba chake, wala hakunyanyuka.

Wanawake walikuwa wamerudi kutoka shamba la kijiji, wamejaa mbele ya ofisi na majembe yao. Hildegarda, dada mkubwa wa marehemu mama wa Magreti na Tomasi, alikiona kile kichwa kabla gari halijasimama. Akapiga kigelegele, akaenda moja kwa moja kwa Tomasi akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kumbe mlikwenda! Asante, mwanangu. Umetutoa aibu. Sasa mtoto amepumzika."

Watu wote walikuwa wakimtazama Tomasi kwa upendo.

"Ndiyo, mama," alisema.

"Nimejinyoa mwenyewe," Magreti alisema, kwa sauti ya kufika hadi kwa wa nyuma. "Yeye alikuwepo, amesimama, wembe nimempa akaukataa. Costancia hana mjomba."

Kigelegele kilichokuwa kimeanza upande wa pili kilikatika. Hildegarda aliuachia mkono wa Tomasi, akakifuta kiganja chake kwenye kanga.