Sahihi ya Mdhamini

Walikuja wawili, wakaingia bila hodi. Mshonaji alikuwa akipinda sare ya shule, akadhani ni wateja. Yule mrefu akapitisha kiganja juu ya cherehani yake taratibu, kama anayempapasa mbuzi kabla ya kumnunua.

"Mama, marehemu mumeo alituachia deni."

"Hata pole hamjanipa, mnaanza na deni?"

Mfupi akacheka. Mrefu hakucheka. Alimtajia shule anayosoma bintiye, na saa anayotoka. Kisha wakaenda zao.

Toka siku hiyo simu haikupoa. Wakawapigia mpaka wateja, wakiwaambia wanashonewa na mdaiwa sugu. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao, havijaguswa na mkasi.

"Uza cherehani ulipe, yaishe," alimwambia wifi yake, aliyekuwa akimsaidia kushona vifungo. "Dawa ya deni kulipa."

"Deni langu ningelipa, wifi. Hili silijui."

Wifi akainamia vifungo vyake.

Aliyemfumbua macho alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mzee aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mdai ana haki ya kudai. Kukutisha hana, na kubeba mali yako bila amri ya mahakama hana. Wakirudi, uliza nambari ya kesi. Halafu uliza wewe ulitia sahihi wapi."

Walirudi Alhamisi, safari hii na pikapu. Mfupi alishaanza kukunja mikono ya shati. Mshonaji akasimama mbele ya cherehani.

"Amri ya mahakama iko wapi?"

Mrefu akampa karatasi yenye mhuri mwekundu, mkubwa kama kisosi. Akaisoma neno kwa neno.

"Hii barua ni yenu wenyewe. Nambari ya kesi siioni."

"Unajifanya wakili?" Mrefu akachomoa nakala ya mkataba, akaibandika mezani kwa kishindo. "Mdhamini ni wewe. Sahihi yako hiyo!"

Jina lilikuwa lake. Sahihi haikuwa yake. Na chini, penye shahidi, paliandikwa jina la wifi yake.

Akageuka. Kiti cha wifi kilikuwa kitupu, vifungo vimetapakaa sakafuni.

Mshonaji akaupiga mkataba picha kwa simu kabla hawajauwahi. "Sasa nendeni mkanishtaki," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Mrefu akakunja nakala yake. "Tunajua njia nyingine," akasema, bila hasira yoyote. Pikapu ikaondoka tupu.

Karani alimpeleka kwa wakili wa msaada wa bure, kisha polisi. Barua moja ya wakili ikatosha: kampuni yao ya mikopo ikaandika kwamba haimdai tena. Wifi hakuonekana tena kazini, na polisi walisema bado wanachunguza.

Wiki ya saba, akitoka kununua uzi, mshonaji aliiona pikapu ile nje ya nyumba ya wifi. Mfupi alikuwa akizunguka nyuma. Mrefu amekaa kizingitini, ametulia kama mwenye nyumba. Pazia la dirisha likatikisika.

Simu ya mshonaji ikaita. Wifi.

Akaiacha iite. Uongo wa mtu huyu ulikaribia kumnyima riziki, yeye na mtoto. Ng'ambo ya barabara, mrefu akainua uso, akamwona, akampungia mkono kama jirani wa siku nyingi.

Mshonaji akapokea.

"Usifungue mlango," alisema. "Nampigia wakili. Halafu wewe na mimi tuna yetu."